Kwa nini redio ya Kihispania yenye mnara Tijuana inatawala magari ya San Diego?

#1 MwanaTandika (Chula Vista, California)

Wanajamvi, salaam. Mimi naishi Chula Vista, kusini mwa San Diego, na kazi yangu ni kupeleka vifurushi kutoka maghala ya Otay Mesa kwenda madukani. Kihispania changu ni cha kuombea maji. Gari nililokabidhiwa kazini nililikuta redio yake ikiwa kwenye kituo kimoja cha Kihispania cha nyimbo zinazotamba, nikaona uvivu kubadilisha, na sasa ni mwaka wa pili. Jina la kituo silitaji, maana nitakayoyasema si sifa tupu.

Kinachonishangaza ni hiki: herufi zake za utambulisho zinaanza na XH, kwa hiyo leseni ni ya Mexico na mnara uko Tijuana, ng'ambo ya mpaka, lakini bei zinazotajwa kwenye matangazo ya biashara ni za dola, mtangazaji anawasalimu watu wa National City na San Ysidro, upande huu wa Marekani, na sauti inaingia safi kuliko vituo kadhaa ambavyo minara yao naiona kwa macho. Pili, jana nilihesabu: kibao kimoja kilipigwa mara nne kabla sijamaliza zamu.

Dai langu ni kwamba mnara umewekwa kule kwa sababu gharama ni nafuu, na nyimbo ni chache kwa sababu hiyo hiyo. Anayejua zaidi anisahihishe.

#2 Mchokozi_wa_Jamvi

Mleta uzi husikilizi maneno, unasikiliza ngoma tu. Inawezekana zilikuwa nyimbo nne tofauti.

#3 Fundi_Masafa (Tanga)

Mkuu, suala la unafuu ni dogo. Tazama kwanza kilowati. Kanuni za Marekani zimegawa nchi katika kanda, na sehemu yote ya California iliyo kusini mwa latitudo ya 40 imo katika kanda ambayo kituo kipya cha FM hakiruhusiwi kuzidi kilowati 50, tena antena ikiwa mita 150 juu ya wastani wa ardhi inayoizunguka. Ukiipandisha antena zaidi, unalazimika kupunguza nguvu. Upande wa Mexico, leseni za kilowati 100 zipo. Kituo cha XETRA-FM cha Tijuana, ambacho watu wa San Diego wanakijua kwa jina la 91X na ambacho hutangaza kwa Kiingereza, ni mfano wa kilowati 100.

Halafu ongeza mwinuko. Mawimbi ya FM husafiri karibu na mstari ulionyooka, kwa hiyo anayepata kilima kizuri kinachotazamana na mji ameshinda nusu ya vita. Tijuana ina vilima vinavyoikabili San Diego moja kwa moja, na kati ya vilima hivyo na nyumba yako ya Chula Vista hakuna kizuizi cha maana. Ndiyo maana unakipata safi.

#4 Paso_del_Norte (El Paso, Texas)

Fundi, maelezo yako ni mazuri kwa California, lakini yakifika kwangu yanakwama. Texas haimo katika kanda hiyo uliyoitaja. Huku kituo cha FM kinaweza kupewa kilowati 100 bila kuvuka mto unaotutenganisha na Mexico. Pamoja na hayo, redio za Ciudad Juárez zinasikika El Paso nzima, na wakati huohuo tunavyo vituo vya Kihispania vyenye leseni za Marekani, herufi zikianza na K, ambavyo vinasikika Juárez nzima. Kama kilowati ndizo zinazoamua, mbona hapa pande zote mbili zimegawana wasikilizaji?

Mimi naona sababu ni watu. Zaidi ya asilimia 80 ya wakazi wa El Paso wana asili ya Kihispania, hivyo redio ya Kihispania hapa si ya wageni, ni redio ya mji. Mnara uwe ng'ambo gani, hilo ni suala la nani alipata leseni kwanza.

#5 Sheria_Kavu (Nairobi)

Nani alipata leseni kwanza ndilo swali lenyewe, na jibu lake ni la karibu miaka mia. Katika miaka ya 1920 Marekani na Kanada ziligawana masafa ya redio kati yao, Mexico ikaachwa nje. Mexico haikujisikia kufungwa na mgawanyo ambao haikushirikishwa, ikaanza kutoa leseni za vituo vyenye nguvu kubwa mno kandokando ya mpaka.

Aliyefaidi zaidi ni John R. Brinkley wa Kansas, mtu aliyetajirika kwa kuwapandikizia wanaume tezi za mbuzi akiwaahidi kwamba nguvu zao zingerudi. Mwaka 1930 alinyang'anywa leseni ya udaktari na ile ya redio yake, na mwaka 1931 akafungua kituo cha XER huko Villa Acuña, Mexico, ng'ambo ya mto kutoka Del Rio, Texas. Alitumia kwanza waya wa simu kupeleka sauti yake kutoka Marekani hadi mnarani. Bunge la Marekani likaona, na katika Sheria ya Mawasiliano ya 1934 likaweka kifungu cha 325 kinachomtaka mtu anayetengeneza kipindi Marekani na kukipeleka kwenye mtambo wa nje, ili kirudi kusikika Marekani, awe na kibali. Brinkley aliikwepa njia ya simu kwa kurekodi maneno yake kwenye sahani na kuzivusha mpaka kwa gari.

Kifungu hicho hakijafa. Studio iliyoko San Diego inayolisha mnara wa Tijuana inahitaji kibali hicho hadi leo. Kwa hiyo, mleta uzi, mnara wako umerithi desturi. Baadaye Wolfman Jack naye alipata umaarufu kwenye XERA hiyohiyo ya Brinkley.

#6 Mzee_wa_Mawimbi (Zanzibar)

Sheria_Kavu, umeanza vizuri ukateleza mwishoni. XERA, ambalo ndilo jina la baadaye la XER, ilifungwa mwaka 1941, pale mkataba wa masafa wa Amerika ya Kaskazini uliotiwa saini Havana mwaka 1937 ulipoanza kutumika. Brinkley alifariki mwaka uliofuata. Wolfman Jack alitangaza miaka ya 1960 kwenye XERF, kituo kingine cha mji uleule, kisha akahamia XERB ya masafa ya 1090, ambayo mnara wake ulikuwa Rosarito, jirani kabisa na huyu mleta uzi.

Jambo la pili ni kubwa zaidi. Hizo zote zilikuwa za AM, yaani masafa ya kati. Mawimbi ya AM usiku hupiga angani yakarudi ardhini mbali sana, ndiyo maana redio ya mpakani iliweza kusikika hadi Kanada. Kilowati 500 za Brinkley zilikusudiwa kuuvuka mpaka na kuusahau. FM haifanyi hivyo. Redio ya mleta uzi haiwezi kuusahau mpaka hata ikitaka, maana wasikilizaji wake wote wamebanana hapohapo kati ya milima na bahari. Msiifananishe na ile ya mbuzi.

#7 Sheria_Kavu

Shikamoo mzee. Nimekosea kuhusu XERA na nimesahihishwa. Kuhusu kufanana bado nabisha: njia ya kisheria ni ileile, hata kama umbali umepungua.

#8 Mzee_wa_Mawimbi

Marahaba. Basi nikupe mfano utakaokufaa, ingawa ni wa televisheni. Mwaka 1953 XETV ilianza kurusha chaneli ya 6 kutoka Tijuana kwa Kiingereza, ikiwalenga watazamaji wa San Diego. Marekani ilikuwa imesimamisha utoaji wa leseni mpya za televisheni tangu 1948 hadi 1952, na chaneli hiyo ilikuwa imegawiwa Mexico. Hakuna aliyetafuta unafuu wala ukwepaji. Masafa yalikuwa upande ule, watazamaji upande huu. Katika mji mmoja uliokatwa na uzio, masafa nayo yamekatwa, na kila upande una mafungu yake.

#9 DJ_Mstaafu (Arusha)

Naona wote mmeng'ang'ania mnara na swali la pili mmelitupa. Nilikaa nyuma ya kipaza sauti kwa miaka mingi, kwa hiyo niruhusuni nilijibu.

Redio ya nyimbo zinazotamba haina orodha fupi kwa bahati mbaya, wala kwa kukosa fedha. Mtindo huo unahusishwa na Todd Storz wa kituo cha KOWH, Omaha, mwanzoni mwa miaka ya 1950. Inasimuliwa kwamba aliwatazama wateja wakitumbukiza sarafu kwenye sanduku la muziki wakichagua nyimbo zilezile usiku kucha, kisha wahudumu, baada ya kuzisikia siku nzima, nao wakatoa sarafu zao wenyewe kuzichagua tena. Somo alilolitoa humo ndilo linaloendesha vituo vya aina hii mpaka leo, viwe vya Kihispania au vya Kiswahili.

Kwa vitendo, mkuu wa muziki anazigawa nyimbo katika makundi. Kundi la juu lina nyimbo chache sana, na kila moja inarudi baada ya saa mbili hivi. Kundi la pili linazunguka taratibu zaidi. Nyimbo za miaka michache iliyopita zinachomekwa katikati ili masikio yapumzike. Hesabu haimlengi dereva anayesikiliza kwa muda wa saa nane kama mleta uzi, inamlenga mtu anayewasha redio akiwa njiani kwa dakika ishirini na asipokutana na kibao anachokipenda anabonyeza kitufe kingine. Wewe, mkuu, ni msikilizaji ambaye mfumo mzima haukukukusudia.

#10 Mchokozi_wa_Jamvi

Kwa hiyo kuna mitambo ya kilowati 100, mkataba wa Havana na mbuzi, na katikati ya yote hayo mleta uzi hakukusudiwa. Pole sana ndugu.

#11 Mukongomani_wa_CityHeights (San Diego)

Nawasalimu wote. Mimi nilikusudiwa, nadhani.

Mwaka 2019 nilikuwa Tijuana nikisubiri zamu ya kuomba hifadhi. Pale El Chaparral, kwenye kivuko cha mpaka, kulikuwa na daftari ambamo majina yaliandikwa, na kila asubuhi zilisomwa namba za watakaovuka siku hiyo. Wakati nikingoja nilipata kazi ya kuosha vyombo katika kijimgahawa, na juu ya jokofu kulikuwa na redio ndogo ambayo waya wake wa antena ulikuwa umefungwa kwa kipande cha karatasi ya fedha iliyokwisha kufungia chakula. Sikujua Kihispania hata kidogo. DJ_Mstaafu anasema wimbo unarudi baada ya saa mbili. Kwa mtu anayejifunza lugha hiyo ni neema. Mara ya kwanza nilisikia makelele, mara ya kumi nikalikamata neno moja, mara ya thelathini nikawa naimba na mpishi ananicheka kwa matamshi yangu. Matangazo ya biashara ndiyo yalinifundisha namba, kwa sababu daktari wa meno alitajiwa bei mara kumi kwa siku, kwa dola, halafu namba ya simu ikasomwa polepole mara mbili.

Nilipovuka na kuja City Heights, ambako Wakongomani tupo wengi kiasi, niliwasha redio ya kwanza niliyonunua na mtangazaji yuleyule alikuwa anaongea. Nilikaa kitandani nikamsikiliza hadi mwisho wa kipindi. Kila kitu kingine kilikuwa kimebadilika: fedha, polisi, laini ya simu. Sauti ile ilikuwa haijabadilika.

#12 Paso_del_Norte

Ndugu wa City Heights, umegusa jambo ambalo nilitaka kulisema. Laini ya simu. Ukivuka daraja kutoka Juárez simu inahangaika kutafuta mtandao, na kwa mwenye kifurushi cha bei ya chini intaneti inakatika palepale. Muziki wa kwenye simu unasimama, redio ya gari inaendelea. Mimi naamini hiyo ni sababu mojawapo ya FM kubaki hai mpakani wakati kwingine vijana wameiacha.

#13 Bi_Takwimu (San Diego)

Habari zenu. Nimewahi kufanya kazi ya kuuza nafasi za matangazo redioni, si katika kituo hicho, kwa hiyo naomba niseme kuhusu fedha, maana dai la kwanza la mleta uzi limezikwa mapema mno.

Usikilizaji wa redio katika soko la San Diego hupimwa na kampuni ya Nielsen kwa kifaa kidogo ambacho mtu aliyechaguliwa hutembea nacho; kifaa kinanasa alama iliyofichwa ndani ya sauti ya kituo, sikio la binadamu haliisikii. Lakini vifaa hivyo wamepewa wakazi wa upande wa Marekani. Msikilizaji wa Tijuana, hata awe mwaminifu namna gani, haongezi hata nukta kwenye hesabu anayoonyeshwa mwenye duka la magari wa Chula Vista. Ndiyo maana unasikia National City ikisalimiwa: salamu hizo ni biashara. Kwa upande mwingine, daktari wa meno wa Tijuana hajali hesabu ya Nielsen. Anajali kama mtu wa San Diego atavuka Jumamosi kung'oa jino kwa bei ndogo kuliko ya kwao. Kwa hiyo kituo kimoja kina wateja wa aina mbili, mmoja anamtaka msikilizaji abaki, mwingine anamtaka avuke.

Dola zinafuata mahali alipo mwenye dola. Mnara ungewekwa juu ya meli baharini, bei zingetajwa kwa dola vilevile.

#14 Fundi_Masafa

Dada Takwimu, nakubali dola, ila bila sauti safi hakuna wa kupimwa. Mnara ndio unaotangulia.

#15 Bi_Takwimu

Na bila wa kumuuzia, nani analipia umeme wa kilowati 100?

#16 MwanaTandika

Asanteni kwa michango. Leo nilikuwa Tijuana kwa mapumziko, kwa hiyo niliamua kufanya uchunguzi wangu mwenyewe wakati wa kurudi.

Niliingia kwenye foleni ya San Ysidro saa kumi na nusu alfajiri. Kwa asiyejua, pale kwa siku moja wanavuka kuelekea kaskazini watu wapatao 70,000 walio ndani ya magari na wengine 20,000 kwa miguu. Giza bado, taa nyekundu za nyuma za magari zimejaa mbele yangu kama makaa, na wauzaji wanapita katikati ya safu wakiwa na churro, vile vitafunwa vya unga wa kukaangwa, ndani ya mifuko ya karatasi, mablanketi yenye picha ya chui na visanamu vya plasta. Mtangazaji anasoma muda wa kusubiri kama vile kwetu inavyosomwa bei ya nyanya: San Ysidro njia ya kawaida, San Ysidro njia ya wenye kadi, kisha kivuko cha Otay. Alipoutaja muda wa Otay, magari mawili mbele yangu yalijaribu kuchomoka kwenye foleni na yakazomewa kwa honi.

Kisha kibao kikaanza, kilekile cha mara nne. Nilishusha kioo. Kilikuwa kinatoka kwenye gari langu, kwenye pikapu ya kushoto, kwenye teksi ya kulia na kwenye kibanda cha muuza kahawa, vyote kwa sekunde moja, hakuna aliyemtangulia mwenzake. Muuza churro alikuwa anatembea kwa mdundo wake.

Sasa nauliza: je, hesabu ya Nielsen inajua kuhusu huyo muuza churro?

#17 Bi_Takwimu

Haimjui. Ila kama kwenye ile pikapu alikuwemo mwenye duka la magari, yeye huenda anamjua.

#18 Mzee_wa_Mawimbi

Kwenda kwa sekunde moja ni kwa sababu ya FM ya kawaida. Kila gari lingesikiliza kupitia intaneti, ungesikia wimbo mmoja ukijikanyaga, huyu yuko kwenye kiitikio na yule bado yuko kwenye ubeti.

#19 Paso_del_Norte

Na saa je? Mwezi wa Oktoba 2022 Mexico ilifuta utaratibu wa kusogeza saa mbele wakati wa kiangazi, lakini Baja California na manispaa nyingi za mpakani ziliachwa ziendelee kwenda sambamba na Marekani. Huku kwetu Juárez ilikaa wiki kadhaa ikiwa na saa tofauti na El Paso, hadi mwisho wa Novemba ikarekebishwa. Mtangazaji akisema "saa moja kamili" ilimbidi aeleze ya upande gani. Mpaka una njia nyingi za kuingia studio.

#20 Sheria_Kavu

Njia mojawapo inaingia saa sita usiku. Sheria ya Mexico inavitaka vituo vipige wimbo wa taifa saa kumi na mbili asubuhi na saa sita usiku, na Jumapili usiku kuna kipindi cha serikali, La Hora Nacional, kilichoanza mwaka 1937. Hata 91X ya muziki wa roki wa Kiingereza imo chini ya leseni ya Mexico, ndiyo maana inajitambulisha kwa Kihispania kuwa ni XETRA-FM ya Tijuana. Mleta uzi, umekuwa ukilala mapema.

#21 DJ_Mstaafu

Kabla uzi haujahamia kwenye wimbo wa taifa, nina swali ambalo hakuna aliyeligusa: kibao kinatamba kwa hesabu ya nani? Marekani kuna chati za Billboard, Mexico redio hutazama Monitor Latino, na orodha hizo hazilingani. Mwaka 2023 mwanamuziki Peso Pluma na kundi la Eslabon Armado waliingia tano bora za Billboard Hot 100 kwa wimbo wa mtindo wa kienyeji wa Mexico, jambo ambalo halikuwahi kutokea. Mwezi Novemba mwaka huohuo, halmashauri ya Tijuana ilipiga marufuku nyimbo zinazowasifu walanguzi wa dawa za kulevya zisiimbwe kwenye maonyesho ya hadharani, na wapo wasanii wakubwa wa mtindo huo ambao baadhi ya nyimbo zao zinaangukia humo. Mkuu wa muziki wa kituo cha mpakani anakaa katikati: kijana wa San Diego anazitaka nyimbo, mji wa upande ule hauutaki ujumbe. Nadhani ufupi wa orodha unatokana na hilo pia, kwamba anabaki na zile chache ambazo pande zote mbili zinazikubali.

#22 Sheria_Kavu

Tahadhari: marufuku ya halmashauri inahusu maonyesho, na leseni za redio ni suala la serikali ya shirikisho. Usichanganye mamlaka.

#23 DJ_Mstaafu

Sichanganyi, ndugu. Nasema mkuu wa muziki husoma magazeti kama watu wengine.

#24 Mukongomani_wa_CityHeights

Mimi naona nyimbo za mapenzi zinatosha. Zinajirudia, lakini nazo ndizo nilizozielewa kwanza.

#25 MwanaTandika

Wakuu, nimekesha kwa ajili ya Sheria_Kavu. Nimekaa ndani ya gari mbele ya nyumba, mke wangu akinichungulia dirishani. Saa sita kamili usiku mtangazaji alikatwa katikati ya sentensi, ukapigwa wimbo wa taifa wa Mexico, matarumbeta na kwaya, hapa Chula Vista, chini ya bendera ya jirani yangu ambaye ni askari mstaafu wa jeshi la majini la Marekani. Ulipokwisha zilipita kama sekunde tatu za kimya.

Halafu kikapigwa kilekile. DJ_Mstaafu, ulisema kinarudi baada ya saa ngapi? Maana cha mwisho nilikisikia saa tano na robo.